Kijana niliyemfundisha stoo ananiita nikamfanyie kazi. Niende?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 41, naishi Mbagala na mke wangu na watoto wetu wawili. Mkubwa, wa kike, yuko kidato cha pili, mdogo yuko darasa la tatu. Kwa miaka tisa nilikuwa mtunza stoo wa kampuni ya vipuri vya magari hapa Dar es Salaam. Nilianza kama mpakuaji mizigo, nikapanda kidogo kidogo, mwisho nikawa ndiye ninayeshika funguo. Sijisifu, lakini kila wakaguzi walipokuja mwisho wa mwaka, hesabu ya kwenye shelfu na hesabu ya kwenye leja zilikutana. Nikiambiwa namba ya kipuri nakwenda nacho gizani.

Mwaka 2021 kampuni ilipunguza watu, na mimi nikiwamo. Kiinua mgongo, notisi na likizo vilifika Sh2.9 milioni. Halafu nikalipwa lile fao la kukosa ajira, Sh216,000 kwa mwezi kwa miezi sita.

Shangazi, kila mtu aliniambia jiajiri. Shemeji, mchungaji, hata kinyozi. Nikanunua bodaboda kwa Sh2.6 milioni, nikampa kijana kwa hesabu ya Sh8,000 kwa siku. Miezi mitano alileta vizuri. Mwezi wa sita akaja saa nne usiku anachechemea, akasema amekabwa huko Kongowe na pikipiki imechukuliwa. Nilikwenda polisi, nikapewa RB, na RB hiyo ninayo mpaka leo kwenye faili la vyeti. Bima niliyokata ilikuwa ile ndogo.

Tangu hapo natafuta kazi. Barua nilizotuma sizihesabu tena. Usaili nimeitwa mara nne. Mara ya mwisho kijana mdogo kabisa, mwenye kompyuta mbele yake, aliniuliza, "Miaka hii yote ulikuwa unafanya nini?" Nikajikuta natokwa jasho na AC inawaka.

Nikueleze siku yangu ilivyo. Saa kumi na mbili na nusu natoka nyumbani na shati lililopigwa pasi na faili kwapani. Naenda Rangi Tatu, nakaa kwenye kijiwe cha drafti pembeni ya saluni ya kiume, na hapo ndipo ninapokaa mpaka jioni. Zamani nilikuwa napitia kijiweni baada ya kuzunguka maofisini. Sasa hata kuzunguka sizunguki. Mke wangu anakaanga maandazi na kuuza barafu na ubuyu. Kila asubuhi ananiachia Sh2,000 chini ya kopo la sukari. Hatujawahi kuizungumzia hiyo hela hata siku moja. Ninaichukua, yeye anajifanya hajaiweka. Na nikuambie ukweli, Shangazi, siku nyingi nusu yake naiwekea mkeka wa kubashiri mechi. Mwaka jana mkeka wangu ulichanika kwa timu moja tu, ningepata Sh700,000. Tangu siku hiyo naona ipo siku.

Mangi nina deni lake la Sh140,000, kwa hiyo sipiti mbele ya duka, nazungukia njia ya nyuma, kule kwenye kisima. Kaka yangu namdai, samahani, ananidai Sh500,000. Kuna Sh60,000 za kwenye simu. Lakini hayo si kitu. Miezi minne iliyopita kodi ilikuwa imefika na mtoto anadaiwa michango shuleni, nikaenda kwa hawa wakopeshaji wa kausha damu, nikachukua Sh250,000. Dhamana niliandika friji, lile ambalo mke wangu anagandishia barafu. Nilisaini peke yangu, yeye hajui. Nimepeleka rejesho la Sh30,000 mara nne, nikashindwa. Sasa wanasema deni ni Sh410,000, na wiki iliyopita mmoja wao alinipigia akasema, "Mzee, tunakuja na kirikuu."

Mama yangu yuko Lushoto. Mpaka leo anajua niko kazini. Akipiga simu mchana naongea kwa haraka kama mtu aliyebanwa na shughuli.

Sasa swali lenyewe. Mwezi uliopita nilikutana Gerezani na kijana aliyekuwa mpakuaji wangu stoo. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma namba za vipuri na kutofautisha bolijoint ya kwanza na ya kuchonga. Aliondoka zamani akaanza na meza, leo ana maduka mawili. Akanishika mkono, akaniita bosi kama zamani, akasema, "Bosi, njoo unisaidie stoo. Mali inapotea na sijui inapotokea." Akataja Sh12,000 kwa siku na chakula cha mchana. Nikamwambia nitafikiria. Amenipigia mara tatu, sijapokea.

Mshahara wangu ulikuwa Sh650,000. Nikienda kupokea elfu kumi na mbili kwa mtu niliyemfundisha kazi, si ndiyo nimejimaliza? Na watu wa ile kampuni wote wananunua Gerezani, wataniona. Usiku silali. Siku nyingine alfajiri najisemea bora nisingeamka. Nishauri.

Mtunza stoo asiye na stoo, Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kuna sentensi moja uliyoiweka mwishoni kama mtu anayepachika kitu mlangoni akikimbia, kwamba alfajiri nyingine unasema bora usingeamka. Nianze na hiyo. Wiki hii hii nenda hospitali, ile ya rufaa ya mkoa pale Temeke iko jirani na wewe, ukaulizie kliniki ya afya ya akili. Waambie kama ulivyoniambia mimi: silali, na nawaza kutoamka. Usiseme kichwa kinauma. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi, na wanaume wengi niliowaona walikwenda kwa daktari wakasema mgongo, wakapewa dawa ya mgongo. Na ikitokea wazo hilo likageuka kuwa mpango, usingoje kliniki. Mwamshe mkeo saa hiyo hiyo, akupeleke.

Umeniuliza habari ya kibarua cha Gerezani. Nitafika huko. Lakini mimi nimeliona friji.

Mwanangu, mke wako ameacha Sh2,000 chini ya kopo la sukari kwa miaka mitatu na ushee bila kukunyanyapaa kwa neno. Angeweza kukupa mkononi mbele ya watoto. Angeweza kusema "chukua nauli". Ameiweka chini ya kopo ili uichukue bila mtu kukutazama. Halafu wewe umeandika friji lake kwa kausha damu. Sikutukani, najua kodi ilikuwa imefika. Lakini asubuhi moja kirikuu kitasimama mlangoni, vijana wawili watashuka, na yeye atakuwa na mikono ya unga. Akilijua jambo hili kutoka kwa vijana wale, ile Sh2,000 ya chini ya kopo hutaiona tena, na hata ikiwapo haitakuwa ile ile.

Kwa hiyo mwambie leo. Watoto wakilala, chukua daftari, andika madeni yote manne kwa mwandiko wako mzuri wa stoo: nani, kiasi gani, tangu lini, umelipa ngapi. Mwekee mbele. Anza na friji, usianze na kodi wala michango. Ukianza na sababu atakuona unajitetea kabla hajajua kosa. Sema, "Nimeweka friji lako dhamana bila kukuambia," kisha nyamaza. Atalia, au atanyamaza, au atakurushia daftari. Kaa hapo hapo. Usitoke nje kwenda kuvuta hewa. Na ile habari ya mikeka isubiri kesho yake, lakini isipite kesho.

Sasa hesabu. Wewe ni mtu wa leja, kwa hiyo tuzungumze kwa leja. Wakopeshaji wadogo wasiopokea amana wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na riba imewekewa kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa Sh250,000 hiyo ni Sh8,750 kwa mwezi. Miezi minne ni Sh35,000. Wewe umeshapeleka Sh120,000. Hata ukiongeza ada wanazoziita za fomu na za ofisi, 410,000 imetoka wapi? Nenda kwao na mkeo, mchana, uombe vitu viwili: nakala ya mkataba uliosaini na namba ya leseni. Wakikosa kimoja, nenda Benki Kuu ukalalamike kwa maandishi. Kabla ya hapo pita ofisi ya serikali ya mtaa, mweleze mwenyekiti kwamba kuna watu wametishia kuja kubeba kitu nyumbani kwako, ili siku wakija mazungumzo yafanyikie pale ofisini, yasifanyikie mlangoni kwa majirani. Na uulize kama kuna msaidizi wa kisheria kwenye kata. Wapo, na kazi yao ni ya bure. Deni utalilipa, sisemi ulikimbie. Lakini lipa deni, usilipe kiwewe.

Kaka yako atasubiri, mpigie tu umwambie hujasahau. Ya simu imalize mapema kwa sababu inakufungia mlango mwingine ukibanwa. Mangi nitamrudia.

Kuna jambo nilisoma nikiwa mwanafunzi na halijaniondoka. Kati ya mwaka 1929 na 1930 kiwanda cha nguo katika kijiji cha Marienthal, karibu na Vienna kule Austria, kilifungwa, na karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Watafiti wakaenda kuangalia, mmoja wao mwanamke kijana aitwaye Marie Jahoda. Hawakuishia kuuliza maswali. Walijibanza na saa mkononi wakapima watu wanavyotembea barabarani. Wanaume, ambao hawakuwa na pa kuwahi, walikuwa wakitembea polepole kuliko wanawake, na wanasimama simama njiani. Vitabu vya maktaba, ambavyo vilikuwa bure, viliazimwa kidogo kuliko wakati ule watu walipokuwa na kazi na hawana muda. Walipoulizwa siku yao imepitaje, wanaume wengi walishindwa kuijaza. Wanawake hawakuwa hivyo, maana chungu na watoto havikufungwa pamoja na kiwanda.

Nilipofika kwenye barua yako pale unapozungukia kisimani ili usipite kwa Mangi, nikawaona wale wanaume wa Marienthal. Hukuanza hivi. Ulianza kwa kuzunguka maofisini, ukapita kijiweni jioni. Kisha kijiwe kikasogea mchana, kisha kikala asubuhi. Na shati bado linapigwa pasi. Nani analipiga pasi, mwanangu? Hukusema.

Haya, Gerezani. Nenda.

Baba watoto wangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja Tanga. Miaka ya tisini, mashirika ya umma yalipokuwa yakibinafsishwa, alipigwa redandansi, kama tulivyokuwa tukisema. Spana zake alizifunga kwenye kanga yangu moja kuukuu, na kila Jumapili alizitoa, akazipaka mafuta, akazifunga tena. Kijana aliyekuwa msaidizi wake alifungua gereji barabara ya pili na akaja kumwita. Akakataa. Akasema, "Siwezi kushika spana chini ya mtu niliyemshikisha spana." Alikaa barazani miaka miwili na sentensi hiyo. Nilikuwa namlisha kwa mshahara wa serikali, na sikumwambia kitu, kama mkeo. Leo nasema nilikosea. Ningemwambia.

Kilichomtoa barazani hakikuwa maneno ya mtu. Mashine ya kusaga ya jirani ilikatika usiku wa kuamkia Idi, mtaa mzima una mahindi mabichi kwenye ndoo, na fundi mwingine hakupatikana. Akaifungua ile kanga. Mwezi uliofuata alikuwa gerejini kwa yule kijana, na kijana akawa anamwita "mwalimu" mbele ya wateja. Yeye akawa anamwita "bosi". Hakuna aliyekufa.

Umenitajia 12,000 ukailinganisha na 650,000. Ilinganishe na ile unayoipata sasa. Kwa siku 26 ni Sh312,000. Toa nauli kama Sh1,500 kwa siku, unabaki na Sh273,000, na mchana umekula. Haitoshi, najua. Lakini ina jambo moja ambalo bodaboda haikuwa nalo: ni kazi unayoijua. Sina ugomvi na biashara, ila nimechoka na hili neno "jiajiri" wanalorushiwa watu waliotoka kazini kama vile ni dawa ya chango. Ulikuwa hujui pikipiki, hujui vijana wa pikipiki, ukaweka karibu hela yote mahali pamoja na bima ndogo. Huo haukuwa uvivu wala mkosi. Mtu wa stoo alipewa ushauri wa watu wasiojua stoo.

Lakini usiende kama kibarua anayeshukuru tu. Kijana amekuambia mwenyewe: mali inapotea. Maana yake kuna mtu mle ndani anayejua inapotokea, na siku utakapofika hatakupenda. Wewe unalijua hili kuliko mimi: mtu hashiki funguo za stoo ambayo hajaihesabu. Mwambie siku ya kwanza, kabla hujapokea funguo, mfunge duka Jumapili moja, mhesabu shelfu kwa shelfu, wewe na yeye, mwandike, msaini wote wawili. Asipotaka, fanya vibarua vya kuhesabu lakini funguo azishike mwenyewe. La sivyo, upotevu wa mwaka jana utaandikwa jina lako.

Halafu mpe muda. Mwambie, "Nitafanya kwa siku miezi mitatu. Ukiona upotevu umepungua, tunakaa tunaandika mkataba wa mwezi, na unanipeleka NSSF." Hiyo siyo kumwomba hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Na michango yako ya miaka tisa haijaliwa na panya: ni miezi 108. Pensheni ya uzee inataka 180. Umebakiza 72, yaani miaka sita. Una miaka 41. Nenda dirishani kwao ukachukue taarifa ya michango uione kwa macho, maana najua mtu wa leja haamini mpaka aone.

Kuhusu wale wa kampuni yako ya zamani kukuona Gerezani: watakuona. Mmoja atasema kitu. Wengine wawili watakuuliza kama una bolijoint ya kwanza, kwa sababu wanajua wewe hutawapa ya kuchonga. Tena kazi nyingi za stoo hapa mjini hazipatikani kwa barua, zinapatikana kwa mtu kusema "namjua mmoja". Kijiweni Rangi Tatu hakuna wa kulisema hilo.

Yule kijana mwenye kompyuta, jibu lake ni fupi. "Nilipunguzwa kazini 2021. Nikajaribu biashara ya usafirishaji, ikaibiwa. Sasa nasimamia stoo ya vipuri Gerezani." Uliona? Jasho lilikutoka kwa sababu sentensi ya tatu haikuwapo. Kama kampuni ile haikukupa cheti cha utumishi, nenda kakiombe, ni haki yako kisheria kupewa ulipoachishwa. Jisajili TaESA, ni huduma za ajira za serikali na hutozwi kitu. Anayekuomba hela ya "fomu ya ajira" mkimbie. Ajira za serikali nyingi zinaweka ukomo wa miaka 45, kwa hiyo huko nako mlango haujafungwa, lakini usiulalie.

Mikeka. Sina maneno mengi. Ile iliyochanika kwa timu moja ndiyo iliyokufunga, maana mtu anayekosa kwa timu tano huacha mapema. Umepiga hesabu ya Sh1,000 kwa siku kwa mwaka? Weka Jumapili nje, inakaribia Sh313,000. Kausha damu ulikwenda kwa ajili ya 250,000. Futa akaunti kwenye simu, na hela ya siku ya Gerezani mpe mkeo mkononi, yote, miezi hii mitatu. Naye akupe nauli. Najua inauma. Lakini safari hii ampe mtu aliyeileta, na wala kopo la sukari halihusiki.

Kuna jambo la pembeni ambalo mkeo aliulizie mwenyewe. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa vikundi vya wanawake, nne vya vijana, mbili vya watu wenye ulemavu. Mtu wa maandazi na barafu, mwenye wenzake wanne wa kuaminika, aende kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Sisemi akakope kesho. Namwambia ajue kuna mkopo ambao hauji na kirikuu.

Mama yako Lushoto mpigie baada ya wiki ya kwanza ya kazi. Mwambie yote mawili kwa simu moja, kwamba uliachishwa zamani na kwamba sasa uko Gerezani. Nadhani anajua. Mama anayempigia mwanawe mchana kwa miaka mitatu na hasikii hata siku moja mlango wa ofisi wala mtu akimwita jina, anajua. Anangoja umwambie.

Na Mangi. Jumamosi ya kwanza utakapopokea, toa Sh10,000, mpelekee kwa njia ya mbele. Usimpe maelezo marefu. Mwambie, "Nitakuwa naleta kumi kila Jumamosi," na uone akiifuta kwenye lile daftari lake la kaunta, maana wiki kumi na nne ni ndefu na binadamu husahau. Kisha nunua sukari robo kwa hela taslimu, urudi nayo nyumbani.

Simu ya yule kijana ipokee leo. Akikuita bosi, itika. Na uniandikie mkishamaliza kuhesabu stoo, nataka kujua mali ilikuwa inapotokea wapi.

Shangazi yako